“High-tech” ni neno la kulinganisha, si jina la kitu

*“Shikamoo Mwalimu. Ninafasiri kijitabu cha kurasa nane kinachoeleza mashine ya kupimia damu katika maabara. Neno ‘high-tech’ limo mara kumi na moja. Mahali pengine limeandikwa ‘hi-tech’, pengine ‘high technology’, na mara tatu wameandika ‘state-of-the-art’, ambalo nadhani ni jambo lile lile. Mhariri wangu anataka niweke ‘teknolojia ya kisasa’ kila mahali ili istilahi ziwe na usare. Mimi naona haikai vizuri ila sina la kumweleza. Kwa uelewa wangu high-tech ni kitu chochote chenye kompyuta ndani yake. Je, nimekosea? Na kwa nini ‘tech’ hutamkwa ‘tek’? Ukurasa wa mwisho una sentensi isemayo mashine hii ‘goes beyond the state of the art’. Hapo nimekwama kabisa.”*

Marahaba, na pole kwa kazi. Sikio lako halijakudanganya. Mhariri ana haki ya kudai usare, kwa sababu katika maandishi ya kitaalamu kitu kimoja kinapaswa kuwa na jina moja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Tatizo ni kwamba “high-tech” si jina la kitu. Ni neno la kulinganisha, la ukoo mmoja na “refu” au “ghali”. Ukisema mtoto fulani ni mrefu, msikilizaji anajaza mwenyewe: mrefu kuliko wenzake wa rika lake. Ukisema mashine ni high-tech, umesema imebeba ujuzi mwingi kuliko mashine nyingine za wakati wake, na hujasema inafanya nini wala imetengenezwaje. Ndiyo maana tafsiri moja haiwezi kukaa sawa mahali kumi na moja. Kila mara ulinganisho ni mwingine.

Nianze na matamshi, maana hayo ni mepesi na yanatufungulia mlango wa maana. Neno linatokana na Kigiriki, *tekhne*, yaani ufundi: ule ustadi ambao mkono na akili hufanya kazi pamoja, uwe wa seremala, wa tabibu au wa mjenzi wa merikebu. Sauti ya katikati Wagiriki waliiandika kwa herufi yao moja. Warumi waliihamisha kwa “ch”, na Kiingereza kikarithi tahajia hiyo huku kikitamka “k”. Ndivyo ilivyo pia kwa maneno yao ya kemia (“chemistry”), skuli (“school”) na mwangwi (“echo”). Kiswahili kiliandika kinachosikika, tukapata “teknolojia” na “kemia”, kwa hiyo sisi hatuna mtego huo. Sema “hai-tek”.

Kwa muda mrefu neno la Kiingereza “technology” halikuwa na maana ya mitambo. Lilikuwa ni elimu juu ya ufundi, kama vile “biolojia” ilivyo elimu juu ya viumbe hai na si viumbe wenyewe. Chuo cha Massachusetts kijulikanacho kwa herufi MIT kilipoanzishwa mwaka 1861, neno lililo katika jina lake lilibeba maana hiyo ya elimu. Katika karne ya 20 maana ikahama polepole kutoka kwenye elimu hadi kwenye vitu vyenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vikaja vinu vya nyuklia, ndege za jeti na kompyuta, na waandishi wakahitaji namna ya kutenga mambo haya na viwanda vya kawaida. Magazeti ya Marekani yalikuwa yakiandika “high technology” tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kurasa za biashara zikalipenda, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilikuwa limefupishwa na kuwa “high tech”. Zingatia kwamba lilikulia kwenye kurasa za fedha. Hadi leo lina harufu ya kuuza, na mfasiri asipoinusa harufu hiyo atalichukulia kila mara kama taarifa ya kisayansi.

“High” hapa ni juu ya daraja, kama tunavyosema “elimu ya juu”. Haihusiani na kimo.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Ndiyo, hapo umekosea, ila wengi wamekosea pamoja nawe. Wapo watu wanaolazimika kulipima neno hili kwa hesabu, nao ni wachumi. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, lile la OECD lenye makao yake Paris, limekuwa likipanga viwanda kwa kuangalia fedha za utafiti zinazotumika zikilinganishwa na thamani ya kinachozalishwa. Katika mpangilio wake uliotumiwa zaidi, daraja la juu lilikuwa na viwanda vya ndege na vyombo vya anga, dawa, kompyuta na mashine za ofisini, vifaa vya mawasiliano, na vyombo vya tiba na vya upimaji wa usahihi. Magari na kemikali nyingine yalikaa daraja linalofuata. Ujenzi wa meli ulikuwa chini ya hapo, pamoja na metali na plastiki. Nguo, vyakula, mbao na karatasi vilikuwa daraja la chini.

Tazama dawa zimekaa wapi. Kidonge hakina waya, hakina kioo cha kugusa, hakina programu, nacho kiko daraja la juu kabisa kwa sababu ya miaka ya utafiti iliyomezwa ndani yake. Gari lenye kompyuta kadhaa limekaa chini yake. Kinachopimwa ni ujuzi uliotangulia kitu, hata kama kwa macho huoni chochote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kalamu ya wino yenye kigololi, ile ambayo huenda iko mezani pako sasa hivi. Itoe kifuniko uitazame ncha yake kwa karibu. Kuna kigololi kidogo kuliko punje ya mtama, mara nyingi cha kabaidi ya tungsteni, kimefungwa ndani ya kikombe cha chuma. Kikombe kikibana mno, wino hautoki. Kikilegea kidogo tu, wino unavuja. Chuma chenyewe lazima kikubali kuchongwa kwa usahihi mkubwa bila kupasuka, kisha kistahimili kusuguliwa kwa mamia ya mita za maandishi. Uchina ilimpeleka mwanaanga wake wa kwanza mwaka 2003, na ilikuwa ikitengeneza kalamu hizi kwa mabilioni, lakini chuma cha ncha ilikuwa ikikiagiza kutoka nje. Mwaka 2015 waziri mkuu wake wa wakati huo, Li Keqiang, alilitaja jambo hilo hadharani kwa masikitiko. Mwanzoni mwa mwaka 2017 kampuni ya chuma ya Taiyuan ikatangaza kwamba imefaulu kukitengeneza baada ya miaka kadhaa ya majaribio. Kalamu ni bidhaa ya hali ya chini kabisa dukani, na ncha yake ilikuwa imelishinda taifa lenye roketi. Basi, high-tech ni kalamu au ni roketi? Swali hilo lina majibu mawili, kwa sababu daraja la bidhaa na daraja la ujuzi ulioitengeneza ni vitu viwili tofauti, na neno hili halitwambii kinasemwa kipi.

Ulinganisho huo pia huzeeka. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilianza kuuza mjini Tokyo saa ya Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi (“quartz”) kuingia sokoni. Ndani ya saa za namna hii betri husukuma umeme kwenye fuwele ndogo ya kwatzi, fuwele hutetemeka kwa mwendo usiobadilika, na saketi huhesabu mitetemo hiyo. Katika saa nyingi za leo fuwele hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo imechaguliwa kwa makusudi: igawanye kwa mbili, ugawanye tena, na ukifanya hivyo mara 15 unabaki na moja, yaani mpigo mmoja kwa kila sekunde. Wakati ule ulikuwa ufundi wa kilele. Siku hizi kwatzi ndiyo iliyo ndani ya saa za bei nafuu kuliko zote. Fizikia haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni sisi tuliosimama kuitazama. Kijitabu chako kikisomwa miaka 15 ijayo, “high-tech” yake itakuwa imechacha, ilhali sentensi inayosema mashine inahitaji tone moja tu la damu itakuwa bado na ukweli wake.

Kuna jambo dogo hapa ambalo huwatatiza hata wazoefu. “Tech” peke yake, katika Kiingereza cha sasa, imekuwa finyu kuliko “high-tech”. Mtu akisema anafanya kazi kwenye “tech”, wasikilizaji wanaelewa programu, intaneti, simu, data. Mtafiti wa chanjo yuko kwenye kiwanda cha high-tech kwa vipimo vya wachumi, lakini hakuna atakayemwita mtu wa “tech”. Kwa hiyo ukikuta maneno hayo mawili kwenye aya moja, usiyafasiri kama pacha.

Sitakaa sana kwenye usanifu wa majengo, ila ujue tu kwamba kule neno hili ni jina la mtindo na halina maana ya ubora. Centre Pompidou ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1977 kwa michoro ya Renzo Piano, Richard Rogers na Gianfranco Franchini, imevaa mabomba yake nje: ya buluu kwa hewa, ya kijani kwa maji, ya manjano kwa umeme, na nyekundu kwa njia za watu. Huo ndio mtindo wa high-tech. Ukiufasiri “jengo la kisasa” umepotosha, kwani mtindo huo sasa una umri wa karibu nusu karne.

Kuhusu tahajia: “high-tech” yenye kistari ni kivumishi, na hukaa kabla ya nomino. “High tech” bila kistari ni nomino, uwanja mzima wa teknolojia hiyo. “Hi-tech” ni neno lile lile katika tahajia nyepesi, unalikuta zaidi kwenye matangazo na maandishi ya Waingereza. Ukiona “Hightech” limeungana, mara nyingi mwandishi ametoka kwenye Kijerumani. Halihesabiki, hivyo huwezi kununua “a high-tech” wala “high-techs” tatu. Kwa hiyo kijitabu chako kutumia tahajia tatu hakuna maana iliyofichwa. Ni kwamba hakikuhaririwa vizuri huko kilikotoka.

“State-of-the-art” ndilo lililonifanya nikujibu kwa kirefu, maana silo lile lile hata kidogo. “Art” hapa si sanaa ya kuchora na kuchonga. Ni ile maana ya kale, kutoka Kilatini *ars*, ambayo ni ndugu wa *tekhne*: ufundi. “State” ni hali, yaani mahali ufundi ulipofikia. Wahandisi wa mwanzoni mwa karne ya 20 waliitumia kwa unyenyekevu, wakimaanisha kwamba kwa hali ya ufundi ilivyo sasa, hapa ndipo tunapoweza kufika. Baadaye wauzaji wakaigeuza kuwa sifa: kilicho bora kuliko vyote kwa sasa. Wakati fulani niliwahi kupokea rasimu ya tafsiri ya maelezo ya mashine ya eksirei iliyosema chombo hicho ni “cha hali ya sanaa”. Aliyeifanya hakuwa mjinga. Alifasiri kila neno kwa uaminifu, na uaminifu huo ukamtoa nje ya maana. Tafsiri za kompyuta nazo huteleza papo hapo.

Tofauti yake na high-tech ni hii. High-tech ni suala la kiasi cha ujuzi, na vitu vingi vinaweza kuwa nacho kwa pamoja. State-of-the-art ni suala la mstari wa mbele, mahali ambapo hakuna aliyepita bado. Kwenye utafiti wa akili bandia wameifupisha kwa herufi SOTA, na kule maana yake ni kavu kama rekodi ya mbio: matokeo bora kuliko yote yaliyowahi kuchapishwa kwenye jaribio fulani. Baiskeli inaweza kuwa state-of-the-art miongoni mwa baiskeli bila mtu yeyote kuiita high-tech.

Halafu kuna maana ya kisheria, na hapa nakuomba usome polepole. Katika sheria za hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, “state of the art” ni yote ambayo umma ulikwisha kuyafikia kabla ya siku ya kuwasilisha ombi: maandishi, maonesho, matumizi, chochote. Mkataba wa Hataza wa Ulaya, uliotiwa saini Munich mwaka 1973, unasema katika kifungu cha 54 kwamba uvumbuzi huhesabiwa kuwa mpya pale tu usipokuwa sehemu ya “state of the art”. Wamarekani kwa jambo hilo husema zaidi “prior art”. Umeona mgeuko? Kwenye tangazo maneno haya yanasifu upya. Kwenye hataza yanataja yale ambayo si mapya tena. Ukiandika “teknolojia ya kisasa kabisa” kwenye hati ya hataza, umeisema kinyume. Pale ningeandika “ujuzi uliokwisha kujulikana” au “hali ya ujuzi iliyopo”, kisha nikaishikilia hivyo hivyo hati nzima, na hapo usare wa mhariri ungekuwa na mahali pake.

Sasa tupime maneno uliyo nayo mkononi. “Teknolojia ya kisasa” ni tamu na inaeleweka na kila mtu. Udhaifu wake umo ndani ya mzizi: kisasa ni cha sasa. Inataja wakati, haitaji daraja. Jembe lililotengenezwa mwaka huu ni la kisasa na halina uhusiano wowote na high-tech. Hicho ndicho sikio lako lilichokataa, na ndicho cha kumweleza mhariri. “Teknolojia ya hali ya juu” inashika daraja, imezoeleka kwenye habari, na kwa sentensi moja moja naikubali. Inachosha inaporudiwa, na inazaa misururu ya viunganishi: kifaa cha teknolojia ya hali ya juu cha kupimia damu ya mgonjwa. “Teknolojia ya juu” ni fupi, nami naiona bora unapopanga madaraja, kwa kuwa inakaa sambamba na “ya kati” na “ya chini” bila kulazimishwa. Kuliswahilisha neno na kuandika “haiteki” sikukatazi katika mazungumzo, ila kwenye kijitabu cha maabara kitamfanya msomaji asimame njiani.

Njia ninayoipendelea kuliko zote ni kuliacha neno na kukisema kile linachokisifu. Tuchukue sentensi ya kawaida ya vijitabu hivi: “This high-tech analyser delivers results in minutes.” Ukifuata maneno, unapata: “Kichanganuzi hiki cha teknolojia ya hali ya juu hutoa matokeo ndani ya dakika chache.” Haina kosa, na haimwambii fundi wa maabara lolote. Sasa fungua kurasa za ndani penye maelezo ya utendaji. Tuseme zinaeleza kwamba mashine hupitisha mwanga kwenye sampuli na kupima kiasi kinachofyonzwa. Basi andika: “Kichanganuzi hiki hupitisha mwanga kwenye sampuli, hupima kiasi kilichofyonzwa, na kutoa majibu kwa dakika chache.” Msomaji ameona ujuu wa teknolojia bila kuambiwa uko juu.

Njia hiyo ina gharama yake. Unaongeza maneno ambayo sentensi ya asili haikuwa nayo, na mfasiri hana ruhusa ya kufanya hivyo kimyakimya. Kila unachokiingiza kiwe kimetoka ndani ya kijitabu hicho hicho, na mwenye kazi ajulishwe kwa maandishi. Akikataa, rudi kwenye “teknolojia ya hali ya juu” mahali pawili au patatu panapoihitaji kweli, kama kichwa cha habari na aya ya utangulizi. Kwingine tumia “ya kiwango cha juu”, “yenye usahihi mkubwa”, au ufute neno pale ambapo limerudiwa kwa mazoea tu. Kwa zile “state-of-the-art” tatu za kwenye maelezo, “bora kuliko zote zilizopo kwa sasa” inatosha, mradi mteja yuko tayari kuyasimamia maneno hayo. Kama hayuko tayari, “ya karibuni kabisa” ni salama zaidi.

Imebaki ile sentensi ya mwisho. Kwa ulivyoinukuu ina njia mbili. Ikiwa ni ya sifa, inasema mashine imepita kiwango cha juu kilichofikiwa na nyingine zote. Ikiwa imenakiliwa kutoka kwenye ombi la hataza, inadai kitu kizito zaidi: kwamba uvumbuzi hauko ndani ya ujuzi uliokuwa umejulikana. Tazama kama jirani yake kuna namba ya hataza, neno “claim”, au tarehe ya kuwasilisha ombi. Ukikuta kimojawapo, usiamue peke yako, na wala usiamue kwa jibu langu, maana mimi sijaiona hati. Mwombe mteja akukutanishe na mwanasheria wake wa hataza, mkae na maandishi yote mawili mezani, ya Kiingereza na ya kwako. Fanya hivyo hivyo siku yoyote utakapokuta maneno haya kwenye mkataba wa ununuzi. Muuzaji anapoahidi vifaa vya “state-of-the-art”, lazima mtu mwenye mamlaka aseme hali hiyo inapimwa siku ya kutia saini au siku ya kukabidhi, kwani kati ya siku hizo mbili ufundi unaweza kusogea. Kurasa saba za mwanzo unaweza kuanza nazo leo. Wa nane uache wazi hadi mteja ajibu.